Saba Mara Nane

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, walio hai, waliotangulia, na wale wanaojifanya hawasikii wakiitwa kuosha vyombo, inatangazwa rasmi kwamba siku ya kwanza ya likizo vita vikuu vilizuka. Damu ilimwagika. Shujaa alianguka. Silaha ilitumika ambayo wastaarabu hawaitaji mbele ya watoto.

Uwanja wa mapambano ulikuwa mlango wa choo, na silaha yenyewe ilikuwa mswaki.

Baba alikuwa amesimama kizingitini, taulo begani, mswaki mdomoni, na miguu yake imegoma. Haikuwa imekufa ganzi wala haikuwa ikiuma. Ilikuwa imegoma tu, kama punda aliyekataa daraja. Magoti yalitikisika, visigino vikapanda na kushuka, lakini nyayo zilibaki pale pale kana kwamba zimepigiliwa misumari. Nyuma yake alisimama mdogo wake, mtu mwenye kibofu kidogo na subira ndogo zaidi. Alikohoa. Akaguna. Kisha akamsukuma mgongoni kwa viganja viwili.

Uso wa Baba ulikutana na fremu ya mlango. Mswaki ulimchoma kaakaa, nyusi ikapasuka, na damu ikatiririka mpaka kwenye sinki.

"Shemeji, umemuua!" Mama alipiga kelele kutoka jikoni.

"Hajafa, shemeji. Mbona anatapatapa?" alijibu Baba Mdogo, akamruka kaka yake pale sakafuni, akaingia na kufunga mlango. Sauti yake ikasikika kutoka ndani: "Nilikuwa namsaidia!"

Aliyeyaona yote hayo ni binti wa nyumba, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni, aliyekuwa bado hajafungua sanduku lake la chuma. Nyumbani na shuleni walimwita Kiherehere, na hakuwahi kukata rufaa. Ndiye aliyegonga kengele ya shule siku moja na kuwatangazia wenzake, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba masomo yameahirishwa kwa sababu ya msiba wa kitaifa wa paka wa jikoni. Bweni zima lililia kwa ufasaha. Lakini asubuhi hiyo hakuwa na tangazo lolote. Alipiga magoti, akabana nyusi ya baba yake kwa taulo, akamtazama usoni kuona kama ana hasira.

Haikuonekana. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya ugonjwa. Uso wa Baba ulikuwa umeganda kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Cheko, ghadhabu na njaa vyote vilikaa nyuma yake bila kutoa kichwa.

"Niinue," Baba alisema kwa ile sauti yake mpya, ndogo kama ya mtu anayeongea ndani ya shuka. "Bucha linafunguliwa."

Maana Baba alikuwa muuza nyama. Wateja walimwita Shoka, kwa sababu alikata mfupa kwa pigo moja na hakurudia. Bucha lilikuwa la marehemu babu, na lilikuwa na sheria moja tu, isiyoandikwa popote: anayeshika funguo ni yule anayeweza kubeba mguu wa ng'ombe begani, kutoka chumba cha baridi mpaka kwenye gogo la kukatia, bila kuutua njiani. Babu mwenyewe, siku alipoutua sakafuni apumue, alivua kamba ya funguo shingoni papo hapo, akamvisha Baba, akaenda zake kukaa barazani. Hakuna aliyembembeleza, wala yeye hakumlaumu mtu.

Sasa kamba ile ilikuwa inatazamwa sana na Baba Mdogo.

"Ugonjwa gani huu?" aliuliza Baba Mdogo siku Mama aliporudi kutoka hospitali na jina la ugonjwa.

"Pakinsoni."

"Paka nini?"

"Pakinsoni, shemeji."

"Basi paka huyo amemkamata kaka miguu. Na mwenye paka miguuni si mtu wa kuachiwa visu."

Kiherehere alicheka. Alicheka kwa sababu Baba Mdogo alijua kuchekesha, na kwa sababu katika nyumba ile yenye uso wa ukuta mtu alihitaji wa kucheka naye. Na hapo ndipo alipofanya lile alilolifanya.

Ilianza bila nia mbaya. Alikuwa akitembea na Baba kwenda buchani, ameshika kitabu cha kazi za likizo. Baba alikwenda vizuri, polepole, macho chini. Kiherehere akauliza, "Baba, saba mara nane ni ngapi?" Baba akasimama. Hapo hapo, katikati ya barabara, mguu mmoja mbele. Mwendesha pikipiki akamkwepa akimtukania wazazi. Kiherehere alidhani ni utani. Kesho yake akajaribu tena: saba mara nane, miguu ikaganda. Kesho kutwa, vilevile. Alihisi kama mtu aliyeokota rimoti ya babaye.

Kitu kama hicho hakifaidiwi peke yako. Alimwita Baba Mdogo nyuma ya ukuta wa bucha. "Njoo uone mazingaombwe." Baba akapita na ndoo ya mifupa. "Baba, eti saba mara nane?" Ndoo ikaning'inia, Baba akawa sanamu, na wale wawili wakashikana mabega, wakacheka mpaka machozi. Baba alisimama, mifupa ikigongana ndani ya ndoo kwa mtetemeko wa mkono wake, mpaka miguu ilipomhurumia.

Juma lililofuata Kiherehere aliwasindikiza Mama na Baba kliniki. Daktari, mama mnene mwenye miwani puani, alieleza bila kupamba.

"Wewe, binti, ukitembea unafikiria miguu?"

"Hapana."

"Kichwa chako kina njia inayoendesha miguu yenyewe, wewe ukiendelea na umbea wako. Ya baba yako imeziba. Kila hatua anaipitisha kwenye njia ya kufikiria, na njia hiyo ni nyembamba, inapita mtu mmoja. Ukimuuliza swali wakati anatembea, swali linaingia na mguu unabaki nje. Mlango mwembamba, haraka, kelele, vyote vinafanya hivyo hivyo. Si mjinga, na hajalewa. Ana mambo mawili na mlango mmoja."

Baba alitazama ukutani. Kiherehere alitazama viatu vyake. Alitamani kumeza ulimi, lakini ulimi ulikuwa umeshasema, na aliyeambiwa alikuwa buchani ananoa visu.

Siku nne hazikupita. Duka likiwa limejaa, Baba akitoka chumba cha baridi, aliganda mlangoni. Mteja mmoja akanong'ona, "Mzee kapiga tungi mapema leo." Baba Mdogo akalidaka neno hewani.

"Mmesikia? Jina la bucha linachafuka. Kaka, nipe funguo kabla hujaanguka na kisu tumboni mwa mtu."

"Toka mbele yangu," Baba alisema.

"Ongea kwa sauti, watu wasikie!"

"Toka."

Baba Mdogo akaikamata kamba shingoni, akavuta. Baba akamzaba kofi. Mikono yake haikuwa na mgomo wowote. Baba Mdogo akarudisha ngumi, ikampata kwenye ile nyusi iliyoshonwa. Uzi ukakatika. Baba akaenda mgongo mgongo kwenye nyama zilizotundikwa, ndoano zikalia, ubavu mzima wa ng'ombe ukamwangukia kifuani. Wateja walirudi nyuma wakikumbatia vikapu. Kiherehere hakurudi nyuma. Alimrukia baba yake mdogo mgongoni kama kupe, akazamisha meno kwenye sikio, hakuachia mpaka alipoonja chumvi. Baba Mdogo akamkung'uta ukutani, mizani ikaanguka juu yake, na bamba la shaba likamchana kiwiko.

"Mbwa wewe!"

"Basi ni mbwa wa ukoo wako!"

Aliyewaamua ni fundi cherehani wa duka la jirani, aliyeingia na mkasi mkubwa mkononi na futi shingoni. "Jamani, mtauana kwa funguo? Si mna sheria yenu? Mzee abebe mguu. Akifika, kimya. Akitua, avue. Wote tunaijua."

Baba alikuwa chini, damu imemjaa jicho. Akasema, na safari hii kila mtu akasikia: "Jumamosi."

Mama alilia usiku kucha kwamba ni wazimu. Huenda ulikuwa wazimu. Lakini Kiherehere alikuwa ameona jambo ambalo hakumwambia mtu, maana alikuwa amejifunza gharama ya kusema. Kwenye barabara kuu, pale penye mistari myeupe ya waenda kwa miguu, Baba alivuka kama kijana anayewahi posa. Mguu juu ya mstari, mguu juu ya mstari, kifua mbele. Akimaliza mistari, anaganda tena ukingoni. Na ngazi za kliniki alizipanda bila taabu. Kumbe miguu ilikuwa inataka kuonyeshwa pa kukanyaga. Jicho likishika kitu cha kuruka, mguu haungoji ruhusa.

Alijaribu kwa chaki mlangoni mwa sebule. Baba akafika, akatazama chini, akasema, "Nani amechafua sakafu?" akapita bila kusita. Kiherehere alijificha nyuma ya pazia akauma ngumi ili asipige vigelegele.

Basi Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kusukumana, aliingia buchani na kikopo cha damu ya ng'ombe na brashi ya kufagilia gogo. Alichora mistari kutoka mlango wa chumba cha baridi mpaka kwenye gogo, mmoja baada ya mwingine, minene, myekundu. Nani atauliza damu inafanya nini sakafuni mwa bucha? Alijipongeza kimoyomoyo kwa hotuba ndefu yenye shukrani kwa kamati ya maandalizi, yaani yeye mwenyewe.

Watu walijaa. Fundi cherehani alisimama karibu na gogo kama refa. Baba aliingia chumba cha baridi kwa mlango wa nyuma, aliouzoea, akasikika akiguna anapoupakia mguu begani. Ndipo Baba Mdogo, sikio limefungwa bandeji, akachukua mpira wa maji.

"Usafi kwanza," alisema akitabasamu. "Hatuwezi kumtembeza mzee juu ya uchafu."

Akafungulia. Mistari ikalegea, ikawa waridi, ikateleza kuelekea kwenye tundu la maji machafu. Kiherehere aliruka kumnyang'anya mpira, akapigwa kumbo la bega akaanguka na kukaa ndani ya maji. Sakafu ikawa tupu, nyeupe, inameremeta, haina pa kushika jicho.

Mlango wa chumba cha baridi ukafunguka. Moshi wa barafu ukatoka kwanza, halafu Baba, mguu mzima wa mbele wa ng'ombe begani, kamba ya funguo shingoni, uso wa chokaa. Alitazama sakafu kwa muda. Kisha akainua mguu wa kulia, akavuka kizingiti. Watu wakashusha pumzi. Hatua nyingine. Nyingine. Midomo yake ilikuwa ikisogea, alikuwa akijiamrisha. Angefika. Kiherehere aliona kwamba angefika hata bila mistari, kwa nguvu ya kichwa peke yake.

"Kaka," akasema Baba Mdogo kwa upole wa mtu anayeuliza hali, "hivi saba mara nane ni ngapi?"

Baba akaganda.



"Amesimama!" Baba Mdogo aliwageukia watu. "Mmeona?"

"Kusimama si kutua," fundi cherehani alisema. "Mguu bado uko begani."

"Basi nitamsaidia kutua." Akamfuata kaka yake pale alipokwama, akaizungusha kamba mkononi, akaikaza. Kamba ilizama kwenye shingo ya Baba. Baba alikuwa na mkono mmoja tu. Wa pili ulishika nyama, na hakukubali kuiachia. Alipiga kwa kiwiko. Baba Mdogo akampiga tumboni, mara ya kwanza, ya pili, akapiga tena nyusi ileile iliyoshonwa upya, ikafunguka kama mdomo. "Tua! Tua, mzee, tua!" Uso wa Baba ulianza kugeuka rangi. Miguu haikusogea hata kwa ukubwa wa ukucha. Alikuwa akipigwa kama gunia, na hata kuanguka hakuanguka.

Kiherehere alisimama, akaparamia ukuta wa visu. Alichukua vyote. Kisu cha kuchunia akakitupa sakafuni mbele ya miguu ya Baba, kikalala kwa upana. Msumeno wa mifupa mbele yake. Chuma cha kunolea. Kisu kirefu. Kisu kifupi. Kila kimoja hatua moja mbele ya mwenzake, mpaka kwenye gogo. Baba Mdogo alimwona, akamrushia teke lililompata mbavuni, hewa ikamtoka yote, lakini kisu cha mwisho kilikuwa kimeshatua mahali pake.

"Baba!" alisema kwa pumzi iliyobaki. "Ruka!"

Macho ya Baba yalishuka, yakakuta chuma kinang'aa, na mguu ukainuka.

Akavuka kisu cha kuchunia. Akavuka msumeno. Baba Mdogo, aliyekuwa bado amening'inia kwenye kamba, alijikuta anasukumwa kinyumenyume na mtu na ng'ombe kwa pamoja. Kamba ikakatika. Akapiga kelele, akajaribu kukaza miguu, sakafu aliyoiosha mwenyewe ikamtelezesha, na fundo la mfupa wa ng'ombe likamkuta mdomoni. Ule mlio Kiherehere aliusikia kwa meno yake mwenyewe. Meno mawili yakaruka. Mgongo wake ukagonga gogo, akalishika kwa mkono asianguke.

Baba akavuka kisu cha mwisho, akaubwaga mguu juu ya gogo kwa kishindo kilichotikisa vioo. Mkono wake ukaenda kwenye shoka. Likapanda. Likashuka.

Ncha ya kidole kidogo cha Baba Mdogo, pamoja na ukucha, ilibaki upande wa pili wa mguu wa ng'ombe.

Baba Mdogo alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine, ndipo akaanza kulia kwa sauti nyembamba, damu ikichuruzika kwenye nyufa za gogo na kuchanganyika na ya ng'ombe. Je, ulikuwa mtetemeko, au Shoka alikata pale alipotaka kukata, kwa pigo moja bila kurudia? Watu walimtazama usoni wapate jibu. Uso ulikuwa ukuta.

"Hamsini na sita," Baba alisema.

Fundi cherehani alichana kitambaa, akafunga kile kidole, akakiokota kipande kilichokatika na kukiweka kwenye barafu, akamkokota majeruhi kwenda hospitali huku akinung'unika kwamba yeye hushona suti, si watu. Mama alifika akamtandika Baba kofi la kwanza katika ndoa yao, kisha akamkumbatia. Wateja waliondoka bila nyama. Baba aliifunga fundo ile kamba iliyokatika, akaivaa.

Jioni, bucha limeoshwa, walibaki wawili tu. Kiherehere alikuwa na mbavu zinazouma na matumaini fulani. Baba Mdogo mdomo wake ulikuwa umevimba kama mkate; hangeweza kusema neno kwa siku kadhaa. Na kwa kweli, alijiambia, yeye ndiye aliyetupa visu. Historia humkumbuka aliyetupa visu.

"Chukua mbavu hizo," Baba alisema, amekaa kwenye kigoda, bandeji kichwani. "Zirudishe kwenye baridi."

Kiherehere akazipakia begani, akaanza kwenda, kifua mbele, kama anapokea gwaride.

"Kumi na saba mara kumi na tisa?"

"Kumi na saba mara..." Saba tisa sitini na tatu, unaandika tatu, unabeba sita... Mbavu zilimlemea. Ndipo akagundua kwamba yuko katikati ya sakafu, mguu mmoja mbele, na haendi.

"Mbona umesimama?" Baba aliuliza.

"Nafikiria, Baba."

"Ehe."

Maji yalidondoka mahali fulani. Baba akasema, polepole, kila neno likipita peke yake mlangoni: "Baba yako mdogo alitoroka shule kwa sababu ya jedwali la saba. Walimu walimchapa, babu yenu akamchapa, hakulishika. Hesabu ile hakuitunga yeye."

Kiherehere alitafuta hotuba. Kwa heshima na taadhima, akaanza moyoni, kwa niaba ya... Hakukuwa na mwingine wa kusemewa. Aligeuka kuutazama uso wa baba yake, autafutie hasira, au cheko, au chochote cha kukanyaga. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Ni mimi, Baba," alisema, mbavu bado begani. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Siku ile ya ndoo ya mifupa. Tulikuwa nyuma ya ukuta." "Tulikuwa tunacheka."